Mbegu ya Tifton 85 kwenye pakiti? Acheni utani

Limerudi tena lile tangazo kwenye magrupu ya wafugaji: picha ya shamba la kijani kama zulia, pakiti inayong'aa, na maandishi "Mbegu bora ya Tifton 85, inavumilia baridi, inafaa Mbeya, Iringa na Njombe". Chini yake watu wameshaanza kuuliza bei, na kama inatumwa hadi Makambako.

Jamani. Tifton 85 ni ukoka chotara, tena tasa. Kuchanua inachanua, ila mbegu ya kuota haitoi, ni kama nyumbu wa kubeba mizigo asivyozaa. Inapandwa kwa pingili tu. Anayekuuzia mbegu yake amekuuzia ukoka wa kawaida kwa jina la kigeni, na huyo ndiye mwenye huruma.

Na hilo la kuvumilia baridi? Tifton 85 ilitolewa Georgia, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mzazi mmoja asili yake Afrika Kusini, mwingine, Tifton 68, ana damu ya Kenya. Sifa yake ni wingi wa majani na kumeng'enywa vizuri na ng'ombe. Wa baridi ni ndugu yake, Tifton 44 ya mwaka 1978, iliyopatikana kwa kuchanganya aina iitwayo Coastal na ukoka uliochukuliwa Berlin, Ujerumani. Yaani hata uongo wenyewe hawakujisumbua kuupanga vizuri.

Lakini tuseme umefuata utaratibu, umepata kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, pingili halisi za Tifton 44 zimekufikia. Bado tatizo lako liko palepale, na hapa ndipo wengi tunapotea. Kwa Wamarekani, ukoka wa kuvumilia baridi ni ule ambao majani yanakufa kwa barafu, mizizi inabaki hai chini, joto likirudi unachipua. Basi. Hakuna aliyesema utakua wakati wa baridi. Sasa niambieni, ni lini ukoka ulikufa kwa baridi Mbeya? Muulize mwenye shamba la mahindi aliyeung'oa akautupa pembeni, mvua ikaja ukashika tena. Ukoka wetu haufi, unasimama kukua tu. Nyasi hii inapenda nyuzi 30 hadi 35. Wastani wa joto ukishuka chini ya 15, inakaa tu, na usiku wa Juni na Julai huku unajulikana. Jina lolote utakaloandika kwenye pakiti, kipupwe kitaisimamisha.

Kwa hiyo chakula cha Julai hadi Oktoba hakitoki kwenye aina ya ukoka. Kinatoka kwenye hei, yaani nyasi za kukausha na kuhifadhi, iliyokatwa kwa wakati, na wakati wenyewe ni mwembamba. Ukikata Februari, mvua itakuozeshea. Ukisubiri Juni, umevuna vijiti. Weka mbolea mwishoni mwa Machi udongo ukiwa na maji, kata wiki tano au sita baadaye, mwanzoni au katikati ya Mei. Iringa na Mafinga mvua inakata mapema, wana nafasi. Tukuyu Mei bado inanyesha, ninyi wenzetu jengeni vichanja vya kukaushia.

Kwenye mbolea, mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na hiyo inatosha ekari moja kwa mkato mmoja. Kinachosahaulika ni potashi. Tani moja ya hei inaondoka shambani na potashi kilo 20 na ushee. Ukikata miaka mitatu bila kurudisha, majani yanapata madoa ya kahawia, nyasi inakuwa na mabaka, halafu unalaumu baridi. Samadi inarudisha sehemu, kama hukuiuza kwa mwenye viazi. Udongo ukiwa mchachu sana, chokaa ya kilimo itangulie, vinginevyo urea unamwaga bure.

Kupanda: chimba pingili zenye vifundo vitatu au zaidi na mizizi kidogo, zipande siku hiyohiyo. Zikishinda juani saa chache tu, unapanda mabua. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa. Mistari iachane sentimita 90, fukia sentimita 5 ncha ikiwa nje, kisha kanyaga udongo kwa mguu. Wasiokanyaga ndio wanaosema haikushika. Desemba hadi Januari ndiyo miezi yake. Ekari moja inataka kama mita moja ya ujazo ya pingili zilizolegea.

Haya, nakubali, ukoka ni gugu baya. Ukiupanda jirani na mahindi ya mtu umemtangazia vita. Acha mita tatu na mtaro unaopaliliwa. Na walioko Kitulo na Makete juu, huu si mjadala wenu, nyasi ya kikuyu inawafaa zaidi. Anayetaka mbegu ya kumwaga mkononi apande nyasi ya Rhodes, akaangalie alama ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Turudi kwenye kukata. Subiri umande ukauke, acha kisiki cha sentimita 7, geuza kwa reki mara mbili kwa siku, jioni kusanya matuta ili umande uloweshe juu tu. Kabla ya kufunga, pima: kata hei kidogo, tia kwenye chupa kavu na kijiko cha chumvi, tikisa dakika mbili. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, rudisha juani. Ukifunga yenye unyevu zaidi ya asilimia 20 itapata joto, itaota ukungu, na kwenye lundo kubwa inaweza kujichoma yenyewe. Sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 linakupa robota la kilo 20 hivi, ukiikanyaga hei humo kweli.

Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 10 kwa siku, yaani nusu robota. Miezi minne ni marobota 60 kwa ng'ombe mmoja. Yapange juu ya magogo, yasiguse sakafu wala ukuta. Shambani nako, baada ya mkato wa Mei usiruhusu ng'ombe washushe chipukizi chini ya sentimita 8 hadi mvua ya Novemba, maana hicho kisiki ndicho akiba ya mizizi.

Na mwenye pakiti aseme tu hiyo mbegu kaivuna wapi.