Gari Linaloamsha Mtaa

Kuna mitaa inayoamshwa na jogoo, mingine na adhana, na mingine na kengele ya kanisa. Mtaa wetu hapa Mbeya, kwenye miteremko ya chini ya mlima Loleza, huamshwa na gari langu. Saa 11 na nusu alfajiri ninaingia, ninageuza ufunguo, stata inaanza kulia kama mbuzi anayepelekwa asikotaka, na nyumba saba zinawasha taa. Injini ndiyo pekee isiyowaka.

Gari lenyewe ni la kuvuta kwa magurudumu manne, la dizeli, la mwaka 1991. Jina la kampuni iliyolitengeneza sitalitaja, kwa kuwa wao walitimiza wajibu wao. Mimi ndiye niliyelinunua mnadani mwaka 2019, likiwa na umri wa kuoa na kuwa na watoto wawili. Nililinunua nikiwa na akili zangu timamu, jambo ambalo mama Atupele analipinga hadi leo. Sababu yangu ilikuwa shamba la viazi kule Ilembo, Umalila, ambako mvua ikianza Novemba barabara hugeuka kuwa uji na gari dogo likiingia hutolewa kwa ng'ombe. Katika safari ya kwanza nilikwama kama wenye magari madogo, kwa sababu nilivuta kile kijiti cha pili kando ya gia, cha kuamsha magurudumu ya mbele, nikadhani kazi imekwisha, wakati magari mengi ya umri ule yanataka pia dereva ateremke matopeni akageuze habu, yaani vitovu vya magurudumu ya mbele, kwa mkono wake mwenyewe. Magurudumu ya nyuma yakachimba kaburi, ya mbele yakasimama yakitazama kama wageni waalikwa. Hilo nimelisamehe, maana kosa lilikuwa langu. Hili la alfajiri ndilo lililotaka kunitoa roho.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mwalimu wa jiografia hawezi kukubali kwamba hajui sababu ya jambo. Gari lilipoanza kugoma mwezi Juni, nilimwita mke wangu barazani nikamweleza kwamba injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka ujazo wake unabaki kama sehemu moja ya 20, hewa inapata moto mkali, na dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Sasa hapa tupo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na usiku wa kipupwe joto linashuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo chuma kinanyonya joto lote kabla mafuta hayajawaka. Ilikuwa hoja safi, yenye utangulizi na kiini. Mama Atupele alinisikiliza hadi mwisho, akatazama barabarani, akasema, "Baba Atupele, lile lori la viazi linalopita pale nalo ni la dizeli, nalo limelala Mbeya hii hii."

Tukaita fundi. Hapa ndipo nilipogundua hila ya gari hili, ambayo mzazi yeyote ataielewa: ni mtoto anayelia kwa maumivu usiku kucha halafu anapona mlangoni mwa zahanati. Fundi niliyempigia saa 12 asubuhi alifika saa 4, na kufikia saa hizo vijana wa mtaani walikuwa wamekwisha kulisukuma mteremkoni, limewaka, limepeleka watoto shuleni na limerudi. Fundi akageuza ufunguo, nalo likawaka kabla hajaketi vizuri. Akazima, akawasha, akazima, akawasha. Akanitazama kwa upole ule wa daktari kwa mgonjwa asiyeumwa. Nikamwambia ugonjwa huja likilala. Akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kuja kulala na gari." Akachukua nauli ya kuja na ya kurudi.

Baada ya hapo niliamua kutengeneza mwenyewe, nyumbani, kwa busara na utaratibu. Nilianza na hita, vile vijiti vinne vinavyopasha moto vyumba vya injini kabla ya kuwasha, kwa sababu kila aliyepita njiani, akiwemo muuza maziwa, alisema ni hita. Kuzipima si kazi kubwa: unafungua kile kibati kinachoziunganisha, unachukua balbu yenye nyaya mbili, waya mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye kichwa cha hita, balbu ikiwaka, hita ni nzima. Kazi kubwa ilikuwa kuipata spana namba 12, ambayo baada ya nusu saa ya kutuhumiana ilipatikana jikoni ikiwa imekandamiza mfuniko wa sufuria ya maziwa. Hita tatu ziliwasha balbu, moja ilikuwa maiti. Nilifurahi mno. Nikashuka Mwanjelwa, nikanunua mpya, nikaifunga kwa mkono mwepesi kama ninavyoshauriwa, maana hita ikikatikia ndani ya kichwa cha silinda mtu huuza shamba, na nikalala usingizi wa mshindi.

Alfajiri, stata ililia, taa saba zikawaka.

Nikahamia kwenye betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe kama vimepakwa sembe, nikaviosha kwa maji ya moto na magadi ambayo mama Atupele alikuwa ameyaweka kwa ajili ya maharage, nikavisugua mpaka vikang'aa. Stata ikapata nguvu mpya, na sasa iliweza kuamsha nyumba tisa. Kijana mmoja akanishauri niweke jiko la mkaa chini ya injini kila alfajiri, kama alivyoona kwa wenye malori. Nilimuuliza kama amewahi kuona uvujaji wa mafuta ulioko chini ya gari hili. Akasema ndiyo. Nilimwacha ajijibu.

Ushauri, kwa jumla, haukuniishia. Nimegundua kwamba mtu mwenye boneti iliyofunguliwa hana faragha. Ukifungua mlango wa nyumba yako, watu hubisha hodi. Ukifungua boneti, wanaingiza vichwa. Yupo aliyesikiliza injini kwa kuinamisha sikio, akatamka "nozeli", akaondoka. Yupo aliyesema "pampu", kwa sauti ya kutangaza msiba, na kwa kweli ukarabati wa pampu ya dizeli ni msiba unaohitaji michango. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali.

Aliyeuliza swali alikuwa mzee wa nyumba ya tatu, mstaafu wa TAZARA, ambaye kwa miaka mingi alisafiri na vichwa vya treni katika ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi na ambaye kwake gari langu ni kichwa cha treni kilichodumaa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa juu ya tofali.

"Linapokataa alfajiri, eksozi inatoa moshi?"

Nikafikiri. Nikasema haitoi. Stata inazunguka wee, eksozi kavu kabisa. Hadi inapokaribia kuwaka ndipo inakohoa wingu jeupe linaloharibu nguo za jirani kambani.

"Basi umeonea hita bure," akasema. "Kama hita ndizo mbovu, mafuta yangefika yakakosa moto, ungeona moshi mweupe tangu mwanzo. Wewe mafuta hayafiki. Yakiona giza yanarudi nyumbani kulala."

Nikamwambia hakuna mahali yanapovuja; nimelala chini ya gari na tochi, mabomba makavu. Mzee akacheka, akaniuliza kama nimewahi kunywa pombe ya ulezi kwa mrija, kama wanavyokunywa wazee wa Tukuyu. Nikajibu kwa uangalifu, kwa kuwa mama Atupele alikuwa dirishani. Akasema mrija wenye ufa hauvujishi hata tone. Unachovuta ni upepo tu. Bomba kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu nalo linavutwa, halisukumwi, kwa hiyo likipata ufa haliachii dizeli nje, bali linaruhusu hewa ndani. Na likikaa usiku kucha, hewa inapanda, dizeli inateremka tangini polepole, na alfajiri stata inahangaika kuivuta upya kutoka nyuma ya gari. Likishawaka, mfumo umejaa, litawaka hata mara kumi mchana. Ndiyo maana yule fundi aliniona mgonjwa mimi.

Jaribio alilonipa halikuwa na gharama. Mimi huliegesha gari likiwa limetazama mlimani, pua juu, tangi chini. Akaniambia niligeuze, pua itazame bondeni, ili tangi liwe juu ya injini na mafuta yasiwe na mteremko wa kurudia. Niligeuza jioni ile ile. Mtaani zikaanza minong'ono kwamba mwalimu amegombana na mkewe na sasa anaegesha tayari kwa kuondoka. Alfajiri nikageuza ufunguo. Likawaka kwa pumzi moja.

Mtu mwenye hekima angeishia hapo, akawa anaegesha pua chini maisha yake yote. Lakini Ilembo hakuna anayekuchagulia mteremko, na mimi nilitaka kumwona adui uso kwa uso. Nikanunua kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikakiunga karibu na filta, nikawasha. Mapovu yakapita kwa mstari kama wanafunzi wanaokwenda paredi. Hewa ilikuwa inatoka nyuma zaidi. Jumamosi nikatandika gunia, nikaingia chini ya gari kufuata bomba hatua kwa hatua kuelekea kwenye tangi.

Naomba nizungumzie kidogo hali ya mtu aliye chini ya gari. Jamii humwona kuwa ni miguu. Kwa muda wa saa mbili nilizokuwa pale, miguu yangu iliamkiwa shikamoo mara 11, ikaulizwa bei ya viazi, ikapewa mwaliko wa kikao cha harusi, na mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili akasimama akaiuliza kama mwalimu yupo nyumbani. Niliitikia kutoka chini. Alikimbia.

Adui nilimkuta juu ya fremu, karibu na tangi, mahali ambapo mkono hauingii bila kuacha ngozi: kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole, kinachounganisha bomba la chuma la tangi na bomba la chuma la mbele. Kilikuwa kimekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima mwezi Julai. Ukikitazama hakina tone. Ukikikunja, nyufa zinafunguka kama midomo. Nilikivuta, nikiwa nimesahau kwamba sasa gari limeegeshwa pua chini na tangi limejaa, na kwamba maji na dizeli havijali elimu ya mtu. Dizeli ilishuka kwenye kiganja, ikafuata mkono, ikapita kwapani, ikatulia mgongoni. Jumapili nilikaa kanisani peke yangu kwenye benchi la watu sita.

Mpira mpya wa dizeli pamoja na klipu zake mbili vilinigharimu shilingi 6,000. Sitaki kujumlisha hita, nauli za fundi, posho za wasukumaji na magadi, kwa sababu mama Atupele alikwisha jumlisha. Baada ya kufunga, niliibonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ili kutoa hewa. Mwanzoni ililegea kama embe bovu, na baada ya mibonyezo kama 40 ikawa ngumu chini ya kidole gumba. Asubuhi iliyofuata niliibonyeza kabla ya kuwasha, nikaikuta bado ngumu. Nikajua usiku ule mafuta hayakurudi nyumbani. Tena nilikuwa nimeliegesha pua juu, kwa makusudi, kwa dharau. Niligeuza ufunguo, stata haikumaliza hata neno lake la kwanza, injini ikaunguruma. Hakuna taa iliyowaka mtaani.

Saa 2 asubuhi alikuja jirani wa upande wa chini, yule anayeingia zamu ya saa 12, akiwa amevaa sare nusu. Alikuwa amekasirika lakini kwa adabu.

"Mwalimu, leo hukuwasha gari?"

"Nimewasha. Nimelitengeneza."

Akaketi kwenye lile tofali la mzee. Alieleza kwamba tangu mwezi Juni hajaweka kengele kwenye simu, kwa kuwa stata yangu haikuwahi kukosea hata dakika tano, na kwamba leo amekatwa nusu siku. Nikampa pole. Akaniuliza kama nina hakika kwamba kesho pia litawaka hivyo, kimya kimya. Nikasema ninatumaini hivyo. Akanyamaza, akatazama gari, kisha akatoa simu mfukoni akaniomba namba yangu.

Sasa kila siku saa 11 na nusu alfajiri ninampigia kwanza yeye, akishapokea ndipo ninatoka kuwasha gari.