Mpangaji Wangu Ana Adabu Mno

Ukisikia mtu ana ugomvi na mpangaji, unamfikiria mlevi, au mpiga muziki wa usiku, au yule anayezima simu ikifika tarehe ya kodi. Wa kwangu wala. Wa kwangu nikitokea tu kwenye kona, sijafungua hata mdomo, ameshavua kofia: "Shikamoo mzee wangu, karibu nyumbani." Nyumbani! Tofali nimefyatua mimi, nimechoma mimi, na anayekaribishwa ni mimi.

Nina kijumba changu Uyole, Mbeya, vyumba vitatu na sebule. Nilikijenga kwa hela ya viazi. Msimu huu msingi, msimu ujao kuta, na ule msimu bei ilipoanguka hakuna kitu, tofali zikaota majani nikawa naona aibu kupita njia ile. Sasa umri umesogea na akili yangu imetekwa na maparachichi. Huku kwetu Nyanda za Juu ukikaa na watu watatu, wawili wanaongea parachichi na wa tatu kanyamaza kwa sababu anahesabu miche kichwani. Kuanzia Njombe mpaka Rungwe kila mtu ni mkulima wa Hass, ile parachichi ya biashara, pamoja na wasio na shamba. Na mimi nikajisemea, nauza nyumba, nachukua ekari tatu Rungwe kwa mzee mmoja tuliyeshaongea vizuri, napanda miche iliyobebeshwa, baada ya miaka mitatu hivi naanza kuchuma. Kilichobaki ni kumwambia tu mpangaji wangu, Baba Doto, ahame.

Hicho "kilichobaki" kina mwaka na nusu sasa.

Kosa la kwanza ni langu, nakubali. Siku anaingia, mwaka 2020, alinihesabia laki sita taslimu, kodi ya miezi sita, noti za elfu kumikumi ambazo hazijawahi kukunjwa. Mtu aliyezoea kuuza viazi kwa mkopo akiona noti za namna ile, hata mwandiko unabadilika. Nikachana karatasi katikati ya daftari la mtoto, nikaandika mkataba mwenyewe ili nisitoe hela ya mwanasheria. Kifungu cha nne, kwa furaha ile ile, nikaandika: "Mpangaji atakaa mpaka hapo atakapoona inafaa." Niliona nimeandika maneno ya kiungwana. Mjumbe akasaini, akanywa soda, akanipongeza kwa Kiswahili changu.

Notisi ya kwanza nilimpelekea Januari. Akaisoma yote, akaikunja taratibu, akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Nimekuelewa mzee wangu. Ila Januari na ada za watoto..." Nikaona kweli, na mimi nimesomesha. Nikarudi Machi. Mvua. "Godoro likilowa mzee, halikauki mpaka Juni." Juni likawa limekauka, lakini baridi nayo ikawa imeingia, na ninyi mnaoijua Uyole ya Juni na Julai, asubuhi maji ya kwenye ndoo ukiyagusa ni kama umegusa waya wa umeme. Utamwambiaje mtu mwenye mapacha wadogo akatafute chumba? Septemba mtoto wake mkubwa alikuwa na mtihani wa darasa la saba. Oktoba mapacha wakawa na mtihani wa darasa la nne, na kwa kuwa wako wawili ikahesabika mitihani miwili. Desemba nani anamtoa mtu ndani, nikaimbe vipi kwaya ya Krismasi? Nikarudi Januari.

Ada.

Na kila safari narudi na parachichi. Alipoingia tu alipanda mti mmoja uani bila kuniuliza, wa kubebeshwa, sasa unazaa mpaka matawi yamewekewa nguzo. Naondoka nyumbani nimekunja uso, mama watoto ananisindikiza mlangoni, "Leo usilegee baba." Saa mbili baadaye narudi na mfuko. Anauliza, "Ametoa jibu gani?" Namkabidhi mfuko. Anaupima kwa mkono, ananiangalia, anaenda jikoni bila neno. Nimekula parachichi za uani kwangu kama mgeni, na siku nilipogusia kwamba mti upo kwenye kiwanja changu, alinijibu kwa upole kabisa: "Ni kweli mzee. Ila zao la kudumu lina fidia yake."

Mwezi uliopita nikasema basi, leo sitaki parachichi, leo nataka nyumba. Nikasimama mlangoni, nikakataa kiti, nikauliza kwa sauti majirani wasikie: "Mwenye nyumba hapa ni nani?" Baba Doto hakujibu. Akaingia ndani, akatoka na kopo la Blue Band, ndani yake daftari dogo. Lina mistari ya rula, kichwa cha habari kwa wino mwekundu: KODI YA JENGO. Maana mnajua hii kodi siku hizi inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na LUKU ananunua yeye. Ameandika mwezi kwa mwezi tangu Agosti 2021. Elfu moja, elfu moja, elfu moja, mpaka Juni 2023. Kuanzia Julai ilipopanda, elfu moja mia tano, elfu moja mia tano. Pembeni kuna uniti alizonunua na saa token ilipoingia. Chini kabisa, amepiga mistari miwili: 59,000.

"Hii ni ya mwenye nyumba, mzee," akasema. "Sidai. Naweka tu kumbukumbu."

Nimewahi kudaiwa na watu wenye mapanga. Hakuna aliyeninyima usingizi kama huyu asiyedai.

Kuhusu wateja sitaki hata kukumbuka, ila nitakumbuka. Dalali wangu kila akipiga simu mteja yuko njiani, "ameshafika Igawa mzee, jiandae." Igawa ni huko barabarani, kabla hujafika Mbeya. Mwaka na nusu wateja wanafika Igawa. Nadhani pale kuna mtaa mzima wa watu wanaotaka nyumba yangu wakaishia kuoa hapohapo. Wawili watatu walifika kweli, na Baba Doto akawapokea kwa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Hakusema uongo hata mmoja, hapo ndipo anaponiua. Ameulizwa, amejibu. "Maji yanatoka?" "Yanatoka, Jumanne." "Na paa?" Hapo hakusema kitu. Alinyanyua macho darini, akashusha pumzi, akaichukua ndoo iliyokuwa kona hii akaihamishia kona ile. Ni Agosti, mwaka jana! Mbingu nyeupe, vumbi mpaka kwenye kope! Mama mmoja wa Tunduma, hela yake imefungwa kwenye kitenge, akaiangalia ndoo, akaiangalia dari, akamaliza chai yake, akaaga. Nje akanivuta pembeni: "Baba, yule kaka ana roho nzuri. Msimsumbue."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akakisoma kifungu cha nne kimyakimya, kisha akakisoma tena kwa sauti ili na wenzake ofisini wafaidi. Walipomaliza kucheka akaniambia baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na nikithubutu kumtoa mtu bila amri ya huko, kesi itakuwa yangu mimi. "Na hapo kwenye kusuluhisha, mzee," akaongeza, "mna ugomvi gani hasa?" Nikajikuta sina. Nitamshitaki kwa salamu?

Jirani yangu wa sokoni, mtu wa maneno makali, ndiye aliyenipa wazo la mabati. "Toa bati mbili tu za chumbani. Atalala anahesabu nyota, asubuhi anahama." Sheria niliisikia, lakini hasira haina masikio. Nikaazima ngazi, nikachukua nyundo na mtarimbo, nikaenda alfajiri. Nimepanda mpaka nimeshika kenchi, mara nasikia chini: "Shikamoo mzee wangu. Usikanyage ngazi ya nne, ina ufa." Ameishika ngazi kwa mikono miwili, na koti lake la mtumba, mvuke unamtoka mdomoni. "Nilikuwa nataka nikuambie kuhusu hilo bati, kumbe umeliona mwenyewe. Mungu akubariki."

Sasa jamani, ningesema nini? Mapacha wametoka nao, wananiangalia kwa chini, mmoja kanishikia misumari kwenye kopo. Nilipigilia misumari kumi na minane. Nilibadilisha na vile vipira vya misumari mahali vilipooza. Niliposhuka nilipewa uji wa moto, na mfuko.

Na ndoo ikaondoka kona, kwa hiyo hapo nilijipa moyo kwamba angalau nimekarabati. Na kweli, wiki iliyofuata dalali akaleta mtu halisi, bwana mmoja wa Dar mwenye asili ya huku. Akakagua kuta, akanywa chai, akakaa chini ya mti uani kama nusu saa wakiongea na Baba Doto. Jioni akanipigia simu. Bei yangu ile ile, hapunguzi hata mia. Nikaketi chini. "Ila nina sharti moja, mzee. Yule mpangaji asitoke. Mimi naishi mbali, nyumba bila mtu kama yule siitaki."

Sikusubiri bodaboda. Nilikimbia na umri huu, kwa mara ya kwanza naenda kwa Baba Doto nikitabasamu. Nafika, naona kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimerudishwa kinyumenyume mpaka barazani. Magodoro yako juu, yamefungwa kamba. Yeye anakung'uta mikono, kofia akaivua.

"Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nakuja kwako kuaga. Nimepata ekari tatu Rungwe, za parachichi. Kuna mzee mmoja alikuwa na mteja, mteja akamzungusha mwaka na nusu, akachoka."

Nikashika mlango wa kirikuu. "Baba Doto, Julai hii? Na baridi hii?"

"Tumefunga blanketi."

"Na mapacha? Watahamaje shule katikati ya mwaka?"

"Nimeshaongea na mwalimu."

Nikamkumbusha tuna mkataba. Akatoa kwenye mfuko wa shati, karatasi yangu ile ile ya katikati ya daftari, akaikunjua taratibu, akaweka kidole kwenye kifungu cha nne, akanisogezea nisome mwenyewe.

"Nimeona inafaa, mzee."