Kikambala: kumi kati ya 13 walikuwa wenyeji

Asubuhi ya Novemba 28, 2002, watalii kutoka Israel walikuwa ndiyo kwanza wamefika Hoteli ya Paradise, Kikambala, kaskazini mwa Mombasa. Wacheza ngoma wa Kigiriama walikuwa wakiwalaki. Pajero ikaja getini, walinzi wakaitilia shaka, wakaizuia. Muda si mrefu ikavunja kizuizi, ikaenda kulipuka kwenye hoteli. Ukiwaacha washambuliaji, waliuawa watu 13. Waisraeli walikuwa watatu, wawili kati yao watoto. Waliobaki kumi walikuwa Wakenya.

Nalirudia hilo kwa sababu tukizungumzia usalama wa utalii, wenyeji huwa hawamo kwenye hesabu. Fedha huenda kwenye kamera, ua wa umeme na vioo vya kukagulia magari chini. Sivipingi. Lakini pale Kikambala walinzi walishtuka, wakafanya walilopaswa kufanya, na bado haikusaidia. Gari lililojaa vilipuzi likishafika getini, umemwachia mlinzi mwenye rungu kazi ambayo dola nzima imeshindwa kuifanya.

Asubuhi hiyohiyo makombora mawili yalirushwa kutoka nje ya uwanja wa ndege wa Moi, yakaikosa ndege ya Arkia, shirika la Israel, iliyokuwa ikipaa na abiria zaidi ya 250. Hapo hakukuwa na geti la kukagua chochote. Silaha kama hizo husafirishwa, hufichwa, huwekwa nyumbani kwa mtu. Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyesakwa tangu mabomu ya balozi za Marekani ya 1998 na aliyetajwa kuwa mpangaji wa mashambulizi haya, aliwahi kuishi Siyu, kisiwani Pate, na akaoa hukohuko. Mgeni kijijini haachi kuonekana. Jirani huona, mwenye duka huona, nahodha wa jahazi huona. Swali langu ni hili: akishaona, amwambie nani?

Akienda kituoni huenda akawekwa ndani yeye. Mwaka 2014 polisi walivamia Masjid Musa, Mombasa, wakakamata watu zaidi ya 100 kwa mpigo, wakiwemo vijana wadogo. Mzazi aliyemfuata mwanawe rumande siku ile hatapiga simu polisi kesho kusema kuna nyumba anayoishuku. Na pengo la upelelezi lilikuwepo hata kabla ya msako huo: walioshtakiwa kwa mauaji ya Kikambala waliachiliwa na mahakama mwaka 2005.

Hasara pia ilimwangukia mwenyeji. Mei 2003 Uingereza ilisimamisha safari za ndege zake kuja Kenya, na mchonga vinyago, dereva wa teksi na mama wa kusuka nywele ufuoni wakakosa riziki.

Ningekuwa na sauti serikalini, ningeanza na afisa mmoja kwa kila kijiji cha ufuo, anayejulikana kwa jina, anayekaa miaka bila kuhamishwa, na anayekatazwa kumtaja aliyempa habari. Kisha ningedai bima ya hoteli imlipe kwanza mlinzi wa geti na mcheza ngoma, kwa sababu ndio wanaosimama mbele.