Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kutazama Meno Yake

Mwenye pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne anapotafuta matairi ya njia zote, yaani yale yenye herufi A/T, jicho lake huanzia kwenye meno. Hutazama jinsi vibonge vya mpira vilivyoachana na jinsi mabega ya tairi yalivyochongwa kwa ukali, na sura ikimpendeza huuliza bei. Kwa maoni yangu, mpangilio huo umepinduliwa. Meno ni jambo la kuamua mwishoni, baada ya kusoma maandishi madogo ya ubavuni ambayo ndiyo yanayoeleza kama tairi litaubeba mzigo wako na kama litaingia kwenye gari lako bila kuliharibia mengine.

Tuanze na ukubwa. Tairi lililoandikwa 265/65R17 lina upana wa milimita 265, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Kipenyo chake ni takriban milimita 776. Wengi hushawishika kupanda hadi 265/70R17, lenye kipenyo cha takriban milimita 803, kwa hoja kwamba gari litainuka. Litainuka kweli, lakini kwa milimita 13 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko hilo huenda juu ya ekseli. Kwa malipo ya milimita hizo, dashibodi itasoma kilomita 100 kwa saa wakati gari linakwenda zaidi ya 103, gia zote zitakuwa zimerefushwa kidogo na injini italisikia hilo kila penye mlima, na huenda tairi likagusa bodi usukani unapokatwa hadi mwisho. Mimi ningebaki na ukubwa wa kiwandani, isipokuwa kama gari limekwisha kuinuliwa kwa sababu nyingine.

Kiini cha uchaguzi kiko kwenye nambari inayofuata ukubwa, ambayo ni kipimo cha mzigo: 112 humaanisha kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215, na 121 ni kilo 1,450. Herufi iliyo baada yake hutaja mwendo wa juu. S, kwa mfano, ni kilomita 180 kwa saa. Ukubwa uleule wa 265/70R17 huuzwa katika miundo miwili, mmoja mwepesi wenye kipimo cha 115, na mwingine uliotanguliwa na herufi LT, yaani wa magari mepesi ya mizigo, wenye tabaka nzito zaidi, ambao katika daraja la mzigo la E hufikia 121. Mnunuzi akiiona 121 hudhani amekwisha kununua usalama, lakini kilo hizo 1,450 hupatikana pale tu tairi linapojazwa psi 80. Kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva kiliandikwa kwa ajili ya matairi yaliyokuja na gari, na iwapo hayo yalikuwa ya muundo mwepesi, tairi la LT likijazwa upepo uleule litabeba mzigo pungufu kuliko lile lililotolewa. Ubavu hupinda kupita kiasi katika kila mzunguko, kupinda huzaa joto, na safari ndefu ya mwendo wa kasi na mzigo mzito inaweza kuzitenganisha tabaka za tairi. Ni ajabu kwamba tairi imara zaidi hupasuka kwa namna hii huku mwenye gari akiulaumu mpira. Dawa yake ni kupima gari likiwa na mzigo wake wa kawaida kwenye mizani, ekseli kwa ekseli, kisha kutumia jedwali la mtengenezaji linalolinganisha uzito na upepo.

Je, kila pikapu inahitaji LT? Sidhani. Tairi hilo ni zito, hula mafuta zaidi, na pikapu tupu yenye springi ngumu za nyuma hurukaruka zaidi likifungwa. Anayebeba karibu na kikomo, anayevuta trela, au anayepita mara kwa mara kwenye mawe yenye ncha ana sababu ya kulibeba gharama hiyo, kwa kuwa mawe hupasua mbavu mara nyingi, na pancha ya ubavuni haizibiki kwa usalama.

Sasa meno. Tangu BFGoodrich ilipotoa tairi lake la All-Terrain T/A mwaka 1976, watengenezaji wamekuwa wakivutana na jambo lilelile: nafasi pana kati ya vibonge hutema tope, lakini hupunguza mpira unaoshika lami. Kasoro inayosemwa kidogo ni breki kwenye lami yenye maji, ambako vibonge vikubwa visivyo na mikato myembamba huteleza mapema. Kwa hiyo ningetafuta mikato mingi na mirefu kwenda chini, isiyotoweka tairi likiwa limelika nusu. Kwenye mchanga meno makali ni hasara hasa, kwa kuwa huchimba. Kinachosaidia huko ni kushusha upepo hadi karibu psi 18 ili alama ya tairi irefuke, kwenda polepole, na kuujaza tena kwa kompresa kabla ya kurudi kwenye kasi. Kuhusu kelele, kila mtu na sikio lake. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji, inayochapwa ubavuni, ina maana kwa wanaokutana na theluji pekee.

Na yule ambaye karibu kilomita zake zote ni za lami, pamoja na barabara ya vumbi iliyosawazishwa, afikirie H/T, yaani tairi la barabara kuu, bila aibu.

Kabla ya kulipa, tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa stoo miaka mingi limezeeka hata kama meno yake hayajagusa barabara. Kisha nunua matano, si manne. Katika gari ambalo mfumo wake wa magurudumu manne hauna difu ya kati, yaani ile inayoziruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, tairi la akiba lenye kipenyo tofauti huzifanya ekseli mbili zivutane kila unapoingiza magurudumu yote kwenye sehemu kavu, na giaboksi ya kugawa nguvu ndiyo inayoumia. Kama fedha haitoshi kwa matano ya aina uliyoipenda, chukua matano ya aina ya bei nafuu zaidi yenye kipimo sahihi cha mzigo, na uyazungushe yote matano kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yaishe pamoja.