Kabla ya kuitupa ampli ya papa, tafuta nani mwingine anayo

Ampli ya papa, yaani mashine ya Sony ya kukuza sauti aliyotuachia baba, ilinunuliwa hapa Lubumbashi katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo inalia vizuri. Kilichokufa ni telekomande yake (wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wataniambia rimoti). Mapile (betri) yalisahaulika ndani, yakavuja, yakala vyuma. Fundi alikwangua, akachomelea upya, lakini haikuamka. Tangu hapo kila kijana anayeingia sebuleni kwetu Katuba ana neno moja: "Yaya, hiyo kitu tupa, nunua lile bafle moja refu la kuweka chini ya tele." (Bafle ni spika; yaya ni kaka au dada mkubwa.)

Nakataa. Ampli ile ina transfoma ya maana na waya ambazo fundi wa mtaani anaziona kwa macho. Ikiharibika, inafunguliwa na kutengenezwa. Kuitupa kwa sababu ya telekomande ni kama kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea.

Lakini ni kweli kwamba bila telekomande tulikuwa tunateseka. Ampli yetu ni ya Dolby Pro Logic, mfumo uliofika majumbani mwaka 1987: bafle la kushoto, la kulia, la katikati, na ya nyuma. Watu wakizungumza katika filamu, sauti zao hutoka zaidi katikati. Na usoni mwa ampli yetu kuna kuwasha, kupandisha sauti na kuchagua chombo, basi. Kuliongeza bafle la katikati peke yake, au kutoa ule mvumo wa majaribio unaozunguka kutoka bafle moja hadi jingine, ni kazi ya telekomande tu. Kwa hiyo muziki ulinguruma na maneno yakamezwa. Mama aliacha kutazama filamu pamoja nasi. Hilo ndilo lililonisukuma.

Nilianzia sokoni, na telekomande ya vyombo vyote, ile yenye karatasi iliyokunjwa mara nyingi na kujaa namba. Unashikilia kitufe cha SET mpaka taa iwake, unaandika namba, unajaribu. Tele ilikubali upesi. Kwa ampli nilimaliza namba zote za Sony zilizoandikwa: mbili zilipandisha sauti, na hakuna hata moja iliyolifikia bafle la katikati.

Sababu yake inaeleweka. Telekomande hizi huzungumza kwa mwanga usioonekana kwa macho, unaowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde: Philips wa zamani 36,000, Sony 40,000, wengine wengi 38,000. Ndani ya mapigo hayo kuna ujumbe. Ujumbe mfupi wa Sony una sehemu 12: 7 zinataja kitufe, 5 zinataja chombo chenyewe. Tele na ampli za kampuni moja zina majina tofauti, na ampli ikiitwa kwa jina la tele haigeuki. Hata ukilipata jina lake, telekomande ya bei rahisi imebeba vitufe vya kawaida tu. Kwa maoni yangu, karatasi ya namba inafaa kwa tele. Kwa ampli ya zamani inakupotezea siku.

Dawa ni telekomande inayojifunza. Haihitaji namba. Unaiweka mbele ya ile ya asili, inasikiliza, inashika. Ila ya kwetu ilikuwa imekwisha kufa, basi ingejifunza kwa nani? Hapo nilikumbuka kwamba ampli za namna hiyo hazikuja mjini moja moja. Niliuliza huku na huku, nikaelekezwa kwenye nyumba moja Kamalondo.

"Mama, nimekuja kuomba telekomande yenu, dakika ishirini tu."

"Utaondoka nayo?"

"Hapana, mama. Itabaki hapa mezani, mbele yako."

Alifunga pazia mwenyewe nilipomweleza kwamba jua huingilia mwanga wake, na taa za neon, zile za mrija mrefu, vilevile. Nilizilaza zikitazamana, vidole viwili katikati. Kwenye yangu unashikilia LEARN, unabonyeza kitufe kitakachopokea, kisha unabonyeza cha asili mpaka taa ipepese. Ampli yao haikuwa sawasawa na yetu, ila ni Sony ya miaka ileile, na mara nyingi kampuni hurudia ujumbe uleule kwa chombo cha aina moja. Vitufe 26. Jioni ile mvumo wa majaribio ulizunguka sebuleni kwetu, nikapandisha bafle la katikati, na mama akavuta kiti.

Mambo mawili yalinisumbua baadaye. Seti yetu ya CD ni ya Philips, na ujumbe wa Philips wa zamani una alama inayobadilika kila unapobonyeza upya, ili chombo kijue kwamba umeachia kidole. Telekomande iliyojifunza inaweza kurudia alama ileile moja. Ukitaka wimbo wa 11, CD inaona 1 iliyoshikiliwa. Dawa niliyoipata ni kubonyeza kitufe kingine kisicho na madhara katikati, au kutumia cha kuruka wimbo.

La pili ni kumbukumbu. Nyingine husahau kila kitu mapile yakitolewa. Ifundishe kitufe kimoja, itoe mapile ilale hivyo usiku mzima, uone asubuhi. Ikisahau, irudishe kwa muuzaji.

Wapo wanaosema simu inatosha, maana nyingi za Xiaomi zina taa hiyo ya kutuma. Mimi siipendi njia hiyo. Simu nyingi za namna hiyo hutuma tu, hazijifunzi, na simu huondoka nyumbani na mwenyewe. Mama anabaki na nini?

Yangu sasa ina vile vitufe 26 vya ampli ya Sony ya miaka ile. Mwenye ampli ya ukoo huo, awe katika mitaa ya hapa mjini ya Kenya, Ruashi au Kampemba, anitafute na telekomande inayojifunza na mapile mapya. Pazia nitafunga mimi.