Nyaraka za vyuo vilivyokufa zitangulizwe

Historia ya mafunzo ya udaktari Philadelphia ikitajwa, watu hukimbilia mwaka 1765, kilipoanzishwa chuo cha kwanza cha tiba katika makoloni yaliyokuja kuwa Marekani. Nyaraka za chuo hicho hazininyimi usingizi. Chuo kipo, kina fedha na wahitimu wa kukitetea. Wasiwasi wangu uko kwa vyuo visivyokuwepo tena, na kwa maoni yangu fedha za kuhifadhi nyaraka zianzie huko.

Mwaka 1850 mji huo ulifunguliwa chuo cha udaktari cha wanawake, ambacho baadaye kiliitwa Woman's Medical College of Pennsylvania. Kilianza kupokea wanaume mwaka 1970, kikabadili jina, kikaunganishwa na Hahnemann, chuo kingine cha tiba cha mji huo, kisha mwaka 1998 shirika lililovimiliki likafilisika. Wadai wa mfilisika huhesabu majengo na mashine. Maboksi ya barua kuukuu hayana bei kwao. Maboksi ya chuo hiki yalinusurika, na leo yanatunzwa na Chuo Kikuu cha Drexel.

Humo mna tasnifu zilizoandikwa kwa mkono. Rebecca Cole, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kuwa madaktari Marekani, alihitimu mwaka 1867 kwa tasnifu kuhusu jicho. Anandi Joshi kutoka India aliandika juu ya uzazi miongoni mwa Wahindu, akahitimu mwaka 1886, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na miaka 21 tu. Ipo pia picha ya Oktoba 1885: Joshi amevaa sari, Keiko Okami wa Japani kimono, na Sabat Islambouli wa Syria mavazi ya kwao. Watatu hao wanamtazama mpiga picha bila kutabasamu.

Kinachonigusa zaidi ni magazeti ya Novemba 1869. Wanafunzi wa chuo hicho walikwenda kuhudhuria mihadhara katika Pennsylvania Hospital, wanafunzi wa kiume wakawazomea na kuwatemea mate ya tumbaku. Baadaye madaktari na maprofesa wa mji walitia saini pingamizi dhidi ya kuwafundisha wanawake na wanaume pamoja. Mkuu wa chuo, Ann Preston, akawajibu hadharani. Vitabu vya maadhimisho ya vyuo huwa havipendi kusimulia mambo kama haya. Karatasi ndizo zinazowataja waliotia saini.

Hahnemann University Hospital, hospitali ya mji huo iliyokuwa ikifunza madaktari, nayo ilifungwa mwaka 2019, na mamia ya madaktari waliokuwa mafunzoni wakalazimika kutafuta pa kumalizia. Daktari hudaiwa uthibitisho wa mafunzo yake hata miaka mingi baada ya kuyamaliza, kwa hiyo kumbukumbu hizi si za wanahistoria peke yao. Naona mikataba ya kuunganisha au kufunga chuo cha tiba isitiwe saini kabla ya kuandikwa humo nyaraka zitakwenda wapi, nani atazitunza, na mshahara wa mtunzaji utatoka mfuko gani.