Muulize Kama Analala

Swali la kwanza nililowahi kumuuliza mgonjwa halikueleweka. Alikuwa mama wa umri wa mamangu, leso kaikunja mapajani, amenieleza kwamba tangu mumewe aondoke nyumbani haoni raha ya kitu chochote. Nikakaa vizuri, nikainamisha kichwa kidogo kama nilivyofundishwa, nikasema: "Na hilo linakufanya uhisi vipi?" Akanitazama kwa huruma. "Hilo lipi, mwanangu? Si ndilo nimekwambia sasa hivi?"

Msimamizi wangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Tulikuwa tukimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kutufundisha darasani. Hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Muulize kama analala. Muulize kama anakula, na anakula na nani."

Nikauliza. Ikawa kama nimefungua bomba. Usingizi humjia alfajiri, wakati wengine wanaamka. Anapika, anapakua, kisha anakitazama chakula mpaka kinapoa. Na kila pikipiki ikisimama nje ya mlango moyo humwenda mbio, akidhani ni yule bwana karudi. Tulizungumza karibu saa nzima.

Wakati huo nilikuwa na digrii ya saikolojia ya miaka minne. Nilimjua Freud, Piaget na Skinner kama ninavyowajua majirani zangu. Nilichokuwa sijapata mpaka siku hiyo ni yule mtu wa kiti cha pembeni, na sikuwa nimeambiwa na yeyote kwamba ndiye ningemhitaji kuliko vitabu vyote.

Naandika haya kwa sababu kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotoka simu yangu haipumziki. Safari hii ni mpwa wangu, aliyepata B na kuamua kwamba hataki ualimu wala sheria. "Mjomba, nataka kuwa mwanasaikolojia. Chuo gani kizuri?" Naona swali lenyewe limekaa upande. Ukiwa na C+ vyuo vya kukupokea hukosi, na jina la chuo halitakusaidia siku mama yule atakapokuuliza "hilo lipi?"

Tumalize kwanza mkanganyiko wa majina, maana hata babake mpwa wangu bado anadhani kijana atakuwa daktari. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, miaka sita hapa Kenya, kisha anarudi chuoni kubobea; yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Kazi yake ni kupima na kutibu kwa mazungumzo na mbinu zake. Mshauri nasaha anakaribiana naye, na wapo wengi walioingilia kwenye diploma. Wote watatu wanaweza kuwa kwenye korido moja ya hospitali, na mgonjwa akawaita wote daktari.

Sasa jambo ambalo siku za maonyesho ya vyuo halitajwi. Digrii ya kwanza ya saikolojia ni elimu nzuri, lakini haikufanyi mtabibu. Wenzangu wengi tuliohitimu pamoja wako kwenye idara za wafanyakazi, benki, mashirika ya misaada, mmoja anauza bima na anaiuza vizuri sana. Siwacheki. Kujua kwa nini watu hufanya wanayoyafanya kuna faida popote. Ila anayetaka kukaa na wagonjwa ajue mapema kwamba mlango wenyewe ni shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha uzamili wa saikolojia ya kliniki ndani ya idara ya magonjwa ya akili, USIU-Africa nayo ina uzamili wa kliniki na wa ushauri nasaha na hata shahada ya uzamivu juu yake. Karo ya huko siyo ile ya kuchangiwa harambee moja ikatosha. Baba anayedhani amemaliza kulipa baada ya miaka minne ana haki ya kuambiwa ukweli kabla hajauza shamba.

Ndani ya uzamili huo, kinachokujenga ni saa za mazoezi. Mtu kwa mtu, wiki baada ya wiki, na msimamizi anayesoma ulichoandika na kukwambia ulipoteleza. Atachimenti ya kupanga mafaili miezi mitatu haihesabiki hapa. Nilipokuwa digrii ya kwanza nilipelekwa atachimenti kwenye hospitali moja ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka chai na kuandika majina ya wagonjwa kwenye daftari. Barua niliyopewa mwishoni ilisema nimefanya "kazi nzuri ya kisaikolojia". Bado ninayo.

Kuna ile karatasi ya maswali tisa inayotumika kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka; inaitwa PHQ-9. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 27. Mtu yeyote anaweza kufundishwa kuisoma kwa nusu saa, na Kiswahili chake kipo. Lakini keti na mvuvi wa miaka sitini umuulize kama katika wiki mbili zilizopita amejiona ameiangusha familia yake. Atacheka. Atasema familia yake haina neno, alhamdulillahi. Kisha, ukijua kunyamaza, atakwambia boti iliuzwa. Alama ya swali hilo ni ngapi? Hapo ndipo unapomhitaji Mwalimu, na hilo ndilo somo unalolipia.

Na lugha. Tunasomeshwa kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, kisha tunapelekwa kwa watu wanaougua kwa Kiswahili, Kigiriama, Kikamba. Mtu hasemi nina sonona. Anasema nina mawazo. Anasema roho haijatulia, mwili umelegea, kichwa kinawaka moto. Huku Pwani kabla hajafika kwako ameshasomewa kisomo, au ameombewa na pasta, au amepita kwa mganga akaambiwa ana jini. Kwenye mihadhara yangu yote ya miaka minne hakuna hata mmoja uliogusa mgonjwa mwenye jini. Nilijifunza kwa Mwalimu kwamba hubishani na jini. Unauliza limeanza lini, na nyumbani kulikuwa na nini siku hizo. (Mara nyingi kulikuwa na msiba ambao haukuliliwa.)

Watu wakiniambia kazi hii ni ya Wazungu, huwa nawakumbusha tulikopita. Baada ya bomu la 7 Agosti 1998 pale Nairobi, lililoua zaidi ya watu 200, ndipo wengi wetu tulipolisikia neno ushauri nasaha. Miaka michache baadaye vikaja vituo vya VCT, vya kupima virusi vya Ukimwi kwa hiari, ukawa huwezi kupimwa bila kuketi kwanza na mshauri. Na mwaka 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri waliofunga mpaka kufa ilipokuwa ikifukuliwa msitu wa Shakahola, zaidi ya 400, jamaa walifika hospitali ya Malindi kutoa sampuli za DNA na kungoja. Mtu anayengoja kuambiwa kama yule maiti ni mwanawe anahitaji wa kuketi naye, na ni vizuri aliyeketi naye awe amefunzwa.

Hili la kufunzwa ndilo linalonitia hasira. Nairobi na Mombasa kote utaona matangazo: cheti cha saikolojia, wikendi nne, vyakula vimo. Wanaotoka huko wanafungua ofisi, wanaweka kochi na picha ya maua. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi. Kwa hiyo kijana akiulizia kozi, swali lake la pili liwe kama bodi inaitambua. Wengine hulijua jibu baada ya kulipa.

Ajira? Sitamdanganya mtu. Serikali za kaunti haziajiri wanasaikolojia kwa wingi, na shule nyingi humkabidhi ushauri nasaha mwalimu ambaye tayari ana vipindi ishirini na kitu vya hisabati. Kazi zipo kwenye mashirika ya wakimbizi kule Dadaab na Kakuma, kwenye vituo vya kurekebisha walevi na waraibu, hospitali za binafsi, magereza, vyuo. Mishahara haifanani hata kidogo. Kliniki yako mwenyewe itakuchukua miaka kabla haijalipa kodi ya chumba. Anayekimbilia pesa aende kwa yule mwenzangu wa bima, namba yake nitampa.

Mpwa wangu nilimwambia asirudi kwangu na jina la chuo. Aende ofisi ya usajili aulize mambo matatu tu: nitakaa na wagonjwa saa ngapi kabla sijahitimu, wapi, na nani atakuwa ananisimamia. Akaenda Jumatatu iliyopita. Yule dada wa kaunta alimpa kalenda ya ukutani na kalamu, kwa maswali yale akamwambia aandike namba yake, atapigiwa.

Leo ni Alhamisi. Nimemwambia kesho asubuhi ajaribu chuo kingine.